Usingizi Nao Ni Chombo cha Usalama

Kila mara mbele ya kushuka mugodini tunaangaliana: kofia iko kichwani, taa inawaka, viatu vimefungwa, kifuniko cha pua na kinywa kiko. Mwenye kukosa kimoja kati ya vitu hivyo hapiti mulango. Ni sheria nzuri, na imeokoa watu wengi. Lakini kuna chombo kimoja ambacho hakuna mulinzi anayekiuliza. Sijasikia hata siku moja mutu anasimama mulangoni na kusema: "Ndugu, leo umelala saa ngapi?"

Chombo hicho ni usingizi. Katika ukurasa huu tumesema mara nyingi juu ya mikono, macho, mapafu na mugongo. Juu ya usingizi tunanyamaza, tunaona kama ni jambo la mutu na kitanda chake. Mimi ninaona kwamba tunakosa. Usingizi wa mutumishi wa mugodi ni jambo la wote wanaofanya kazi karibu naye. Na sababu ya kusema hivi ninaitoa katika maisha yangu mwenyewe, hata kama inanipa haya.

Breki zilikuwa nzima

Miaka mingi imepita. Nilikuwa shofere wa mashini ya kubeba mawe chini ya udongo, katika kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Ilikuwa usiku wangu wa tatu wa posti ya usiku, ile inayoanza saa 22 na kuisha saa 6 asubui. Siku ile, nilipotoka kazini, nilikuta kilio katika kambi: jirani yetu alifiwa na mutoto. Nani anaweza kwenda kulala wakati jirani analia? Nilikaa na wanaume chini ya hema, nikaenda makaburini, nikarudia, nikakula bukari pamoja na wengine, nikakunywa chupa mbili za pombe. Magaribi nikavaa nguo za kazi, nikapanda basi. Ndani ya basi nilisinzia kidogo. Ulikuwa ndio usingizi wangu wote wa siku ile.

Ilipofika saa 4 ya usiku ule, nilikuwa nimekaa macho saa 38. Sikufunga macho kwa kutaka. Ninakumbuka taa ya mashini juu ya ukuta wa mawe. Kisha ninakumbuka kelele ya chuma juu ya jiwe. Kati ya mambo hayo mawili sikumbuki kitu. Mashini ilikuwa imeacha njia na kugonga ukuta. Mwenzangu, aliyekuwa akitembea mbele yangu na taa yake, alikuwa ametoka kuingia katika pango dogo la pembeni ili akojoe. Kama angekunywa maji kidogo siku ile, leo bibi yake angekuwa mujane.

Mukubwa wa kazi alikuja, akauliza: "Ni nini?" Nikajibu: "Ni breki, Shefu."

Mafundi walifungua mashini ile usiku mbili. Hawakupata kitu. Walibadilisha vyuma vilivyokuwa vizuri. Mumoja wao aliandikiwa barua ya kumuonya, kwamba hakuangalia mashini sawasawa mbele ya posti. Nilijua, nikanyamaza. Miaka ikapita, fundi yule akamaliza kazi kwa uzee, nikamupa mukono wa kumuaga, na hata siku ile sikumwambia. Leo ninasema mbele ya wote: breki zilikuwa nzima. Mimi ndiye nililala.

Sielezi kisa hiki ili munihurumie. Ninakieleza sababu ninaamini kwamba katika raporo zetu "breki", "kuteleza" na "kutokuangalia" mara nyingi vinaficha jina lingine. Na kama hatutaji jina la ugonjwa, tutaendelea kubadilisha vyuma vizima.

Mwili una saa yake

Watu wengine wanasema: "Kulala ni mazoea. Mutu akizoea usiku, usiku unakuwa muchana." Si kweli kabisa. Ndani ya mwili kuna saa inayofuata jua. Katika mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha namna saa hiyo inavyotembea ndani ya chembe za mwili. Saa hiyo inapanga wakati wa njaa, wakati wa nguvu na wakati wa kulala. Karibu na saa 4 au saa 5 ya usiku joto la mwili linashuka chini kabisa, mikono inakuwa mizito, na akili inachelewa kujibu. Hata mutu aliyelala vizuri muchana anasikia uzito huo. Yule ambaye hakulala, unamuangusha.

Angalia hesabu hii. Katika mwaka 1997 wachunguzi wawili wa Australia, Dawson na Reid, walilinganisha watu waliokosa usingizi na watu waliokunywa pombe. Walikuta kwamba mutu aliyekaa macho saa 17 anachelewa sawa na mwenye pombe ya 0.05 kwa mia katika damu. Na aliyekaa macho saa 24 anakuwa karibu sawa na mwenye 0.10 kwa mia. Katika inchi nyingi shofere mwenye 0.10 anakamatwa na polisi. Sasa hesabu mwenyewe: mutu ameamuka saa 6 asubui, amezungukazunguka muchana wote, ameingia posti saa 22. Kufika saa 23 amekwisha kukaa macho saa 17. Kufika saa 6, wakati wa kutoka, ni saa 24. Huyo ni mulevi bila kilauri, na hakuna anayesikia harufu katika kinywa chake.

Na usingizi wa kazini hauji kama ule wa kitandani. Unakuja kwa sekunde tatu ao ine, macho wakati mwingine yakiwa wazi. Kamioni inayokwenda kilometa 30 kwa saa inapita metre 8 kwa kila sekunde. Kwa sekunde 4 imekwenda metre 33 bila shofere. Hebu pima metre 33 kuanzia pale unaposimama, uone ni nani anayesimama mwisho wake.

Hata viwanda vikubwa vya dunia vimeona hatari ya saa hizo. Aksida ya Three Mile Island, Marekani, katika mwaka 1979, ilianza karibu saa 4 ya usiku. Ile ya Bhopal, katika Uhindi, mwaka 1984, ilitokea usiku. Na ile ya Chernobyl, mwaka 1986, ilitokea saa 1 na dakika 23 ya usiku. Kila moja ilikuwa na sababu zake kubwa, siyo usingizi tu. Lakini usiku ndio wakati ambapo kosa dogo linakosa mutu wa kuliona upesi.

Tena, kukosa usingizi kwa miaka kunakula mwili polepole: tansiyo ya kupanda, ugonjwa wa sukari, tumbo, moyo. Shirika la kimataifa linalochunguza kansere, katika mwaka 2007 na tena katika mwaka 2019, liliweka kazi ya usiku katika hesabu ya mambo ambayo kwa kuelekea yanaweza kuleta kansere. Wanasema "yanaweza", hawasemi "lazima". Hatuwezi kufunga tanuru kila magaribi wala kuacha maji yajae mugodini. Kazi ya usiku itakuwako. Basi tujue namna ya kuifanya.

Majivuno yanayoua

Kuna wanaume wanaojisifu: "Mimi si mutoto. Nitalala siku ya kufa." Nimesikia maneno hayo katika basi, na wenzetu wanacheka. Mimi sicheki tena. Mutu wa namna hiyo hafi peke yake. Anakwenda na yule aliye mbele ya mashini yake.

Mwingine anatoka posti ya usiku, anapita kwanza kwa muuza-pombe. Anasema: "Ninatafuta usingizi." Ni kweli kwamba pombe, na zaidi lutuku, inamulaza mutu upesi. Lakini kiisha saa chache inamuamusha: kinywa kimekauka, mukojo unamuita, moyo unapiga, na usingizi hautaki kurudia. Amelala kama mutu aliyepigwa, hakupumuzika. Pombe inaazima usingizi, kisha inaomba faida kubwa kuliko mukopeshaji wa soko.

Mwingine tena ananunua vidonge vya kulala kwa wenye kutembeza dawa barabarani. Usivikamate. Hujui ni dawa gani, hujui ni ngapi, na uzito wake unaweza kubaki kichwani mupaka katika posti inayofuata. Dawa ya kulala ni munganga anayeitoa, kwa siku chache, kiisha kukuuliza kazi yako.

Mashauri kwa mwenye posti ya usiku

Mashauri haya hayaombi feza nyingi. Mimi ninayafuata tangu ule usiku wa ukuta wa mawe, na ninayatoa kama yalivyo.

1. Lala mbele ya usiku wa kwanza. Siku ya kuanza posti ya usiku, usikae macho tangu asubui. Kiisha chakula cha muchana, lala saa moja na nusu ao mbili, hata kama husikii usingizi sana. Mutu anayeingia posti akiwa na akiba ni tofauti na yule anayeingia na deni.

2. Hesabu usingizi wa siku nzima. Mutu mukubwa anahitaji saa 7 ao zaidi. Muchana ni vigumu kuzipata kwa mara moja: joto, kelele, na saa ya mwili inakataa. Basi uzigawe. Lala kitandani asubui mara tu ukifika nyumbani, saa 4 ao 5. Kisha magaribi, mbele ya kuvaa, lala tena saa moja na nusu ao mbili. Vipande viwili vinafanya siku moja. Lakini uvilale vyote viwili.

3. Linda macho na jua la asubui. Nuru ya jua inaambia mwili: "Siku imeanza." Kama unapelekwa na basi, shusha kofia juu ya macho, kaa upande wa kivuli. Kama unaendesha motokari ao pikipiki na unasikia usingizi, usiondoke. Lala kwanza dakika 20 mahali pa usalama. Wengine walitoka salama chini ya mugodi, wakafia katika barabara ya kwenda nyumbani.

4. Kahawa ni ya mwanzo wa posti, siyo ya mwisho. Kiisha saa 5 ao 6, nusu ya nguvu yake ingali ndani ya damu. Ukikunywa saa 4 ili umalize posti, itakukuta kitandani saa 9 na kukufungua macho. Maji ni mazuri wakati wote.

5. Kula vizuri mbele ya kwenda, kula kidogo usiku. Bukari na sombe na samaki, maharagi, lengalenga: vyote vizuri, lakini uvikule nyumbani mbele ya posti. Katikati ya usiku tumbo nalo linataka kulala. Sinia kubwa la bukari saa 2 linaongeza uzito wa macho. Beba vitu vyepesi: karanga, yai, ndizi, kipande cha muhogo. Ukirudia, kula kidogo tu ili njaa isikuamushe.

6. Fanya chumba kiwe usiku. Pazia nzito, ao blanketi ya zamani ikitundikwa dirishani. Chini ya mabati joto linapanda upesi. Fungua chumba asubui mapema hewa ya baridi iingie, kisha ufunge jua lisiingie. Telefoni isilale na wewe. Umupatie mutu wa nyumbani, akuamushe kwa jambo la lazima tu. Mwenye kukuitia habari za mupira atangoja.

7. Ukisikia usingizi kazini, sema. Kutembea, kunawa uso, kuongea na mwenzako kunasaidia kwa dakika chache tu. Kama sheria ya kazi yako inaruhusu, wakati wa mapumuziko lala dakika 15 mupaka 20 mahali pa usalama palipopangwa, usizidishe. Kisha ngoja kichwa kifunguke mbele ya kushika mashini. Usijifiche nyuma ya kamioni ao kando ya njia ya gari-moshi kwa kulala. Wengi walikufa hapo.

Kuna jambo moja la munganga: kama bibi yako anakuambia kwamba unakoroma kwa nguvu, kisha pumzi inakatika kidogo, halafu unashituka kama mutu anayezama, usicheke. Kama tena unaamuka umechoka kila siku, nenda hospitali ueleze hivyo. Ni ugonjwa wenye kujulikana, na unaharibu usingizi wa mutu aliyefikiri kwamba analala.

Kwa mama wa nyumba na kwa jirani

Hakuna mutumishi wa usiku anayelala vizuri bila mulinzi. Mara nyingi mulinzi huyo ni bibi yake. Ninajua taabu yake. Shemeji anakuja saa 10 kusalimia, akiambiwa "kaka yako analala", anarudia akisema: "Bibi huyu ana kiburi, anatufunga mulango." Jirani anapiga muziki. Watoto wanacheza mupira ukutani. Mama anasimama katikati yao wote, peke yake.

Wanaume, ni sisi tunapashwa kumusaidia kwa kusema wenyewe mbele ya jamaa: "Nikiwa posti ya usiku, mulango unafungwa mupaka saa ya chakula cha muchana. Ni mimi niliyeomba, siyo bibi." Neno hilo moja linaondoa ugomvi mwingi. Na nyumba zikiwa zinagusana, tupatane na jirani: leo mimi, juma lijalo wewe. Watoto wanafahamu upesi wakifundishwa. Mwanangu mudogo alikuwa akitundika kofia yangu ya zamani juu ya mulango. Watoto wote wa njia yetu walijua kwamba kofia ikiwa juu, muchezo unakwenda mbali.

Tusisahau kwamba siku hizi mama wengi nao wanafanya posti ya usiku: wanaongoza kamioni, wanalinda mashini, wanatumika hospitali. Mwanaume akirudia asubui, anakuta maji ya kuoga. Mwanamuke akirudia asubui, anakuta watoto wa kupeleka masomoni, vyombo, soko, nguo. Analala saa tatu na magaribi anaingia posti. Ndugu yangu mwenye bibi wa namna hiyo, chukua ndoo na ufagio. Ukimuacha achoke hivyo, unamupeleka mwenyewe mbele ya hatari.

Na kilio? Sitasema musiende. Jirani asiyekwenda kwenye kilio, nani atamuzika? Lakini siku ile mimi nilikuwa na njia tatu, sikukamata hata moja. Ningeweza kwenda kutoa pole asubui, kulala, kisha kurudia magaribi. Ningeweza kumutuma ndugu yangu makaburini. Ao ningeweza kumuita mukubwa wa kazi mbele ya posti na kusema: "Nimekaa kwenye kilio, sikulala, usinipe mashini leo." Nilifikiri kwamba kusema hivyo ni haya. Haya ya kweli ilinikuta baadaye.

Wakati mawazo ndiyo yanayokataza usingizi

Kuna mutu mwenye chumba cha giza, nyumba imenyamaza, tumbo limeshiba, na bado macho yako juu ya mabati. Huyo anazuiwa na mawazo: deni, masomo ya watoto, ugonjwa wa muzazi kijijini, ugomvi wa nyumba, woga wa kupoteza kazi. Ao ameona aksida ya mwenzake, na kila akifunga macho picha inarudia.

Kwa mutu huyo ninasema: mawazo hayapendi karatasi. Mbele ya kulala, siyo kitandani, kaa dakika 10, andika deni zako zote, jina na hesabu, na jambo moja unaloweza kufanya kesho. Moja tu. Likiandikwa, kichwa kinakubali kuliacha kidogo. Mambo ya feza muongee na bibi muchana, mukiwa mumekaa, siyo usiku kitandani, mahali ambapo kila shida inaonekana kubwa kama mulima. Ukikaa kitandani muda murefu bila kulala, simama, kaa mahali penye nuru ndogo, rudia kitandani usingizi ukija. Na siku za kupumuzika, toa mwili jasho kidogo: lima bustani, tembea, cheza mupira.

Lakini kuna mawazo yanayopita nguvu za karatasi. Kama kwa majuma mawili ao zaidi huzuni haiondoki, chakula hakina ladha, hulali hata katika siku za mapumuziko, unakasirika na watoto bila sababu, ao wazo la kufa linakujia, hiyo si aibu, tena usikimbilie kusema kwamba ni ulozi. Ni ugonjwa, sawa na malaria ni ugonjwa. Uongee na mutu mumoja unayemuamini leo hii, na uende kwa munganga. Na wewe unayemuona mwenzako amebadilika, amenyamaza, anakunywa zaidi, haangalii tena usalama wake, usingoje aseme. Mukae pamoja, umuulize: "Ndugu, usiku unalala?" Ulizo hilo ni dogo, lakini mara nyingi ndilo linalofungua mulango.

Neno kwa wakubwa wa kazi

Kwa heshima, ninatoa neno moja pia kwa wale wanaotuongoza. Mutumishi atasema "nina usingizi" mara moja tu. Kama siku hiyo anachekwa, ao anakatwa mushahara, hatasema tena. Siku nyingine atasema "breki". Kumuonya mutu aliyesema kweli ni kuwafundisha wengine kumi kusema uwongo. Umupatie kazi nyingine ya usiku ule, isiyo ya mashini, na kesho muongee naye kwa utulivu. Kama anarudia hivyo kila juma, hapo kuna jambo la kuchunguza, nyumbani ao kwa munganga.

Tena tuwe na akili juu ya kuunganisha posti mbili. Mwenzetu hakufika, kazi inangoja, na feza za nyongeza zinapendeza. Mutumishi anakubali upesi, sababu watoto wanakula. Lakini saa 16 za kazi, pamoja na njia ya kwenda na ya kurudia, ni zile saa 17 tulizozihesabu juu, na zaidi. Anayemupa mutu wa namna hiyo mashini, ni kama anampa ufunguo mutu aliyetoka kwenye pombe. Na pale tunapofanya mukutano wetu wa usalama mbele ya posti, tuongeze ulizo moja kiisha kuangalia kofia na taa: "Nani hakulala?" Siku za kwanza hakuna atakayejibu. Mukubwa mwenyewe aanze kujibu, wengine watafuata.

Ndugu musomaji, mwenzangu wa siku ile angali hai. Tunakutana wakati mwingine sokoni. Ana wajukuu sasa. Kwake nilikwisha kusema kweli, kiisha miaka mingi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Na fundi yule, ulimwambia?" Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nimeandika ukurasa huu.

Leo magaribi, mbele ya kuvaa viatu, jiulize kwanza umelala saa ngapi. Kama jibu ni baya, liseme ukiwa ungali juu, mbele ya mashini kuwaka. Lala vizuri, fanya kazi vizuri, rudia nyumbani ukiwa muzima.